Mwenda Pole Naye Hujikwaa

KATIKA karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kwa miguu kutoka Tabora hadi Bagamoyo, pembe za ndovu zenye uzito wa hata zaidi ya kilo 30 mabegani, na baadhi yao wakavuka bahari hadi Unguja. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mzigo ulishuka mabegani, lakini sifa ya miguu ile haikufutika.

Leo mzee wa Tabora, sawa na mwenzake wa Unguja na Pemba, huhofia safari iliyo fupi kuliko zote: ya kutoka kitandani kwenda msalani usiku. Giza, sakafu yenye utelezi, mtoto wa jicho, au dawa iletayo kizunguzungu, vyatosha kumwangusha. Akivunjika nyonga, mara nyingi hatembei tena kama zamani. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wengi wao ni wazee.

Wapo wasemao kuwa hayo ni majaliwa ya uzee. Hatukubaliani nao. Uzee hauzuiliki, bali kuanguka kwingi kwazuilika. Shirika hilo lashauri wazee wafanye mazoezi ya kuutia mwili nguvu na kuuzuia usiyumbe, walau siku tatu kwa wiki. Kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono, au kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, hakuhitaji fedha. Watoto na wajukuu nao waweke taa msalani, na wampatie mzee bakora inayolingana na kimo chake.

Serikali nayo ina wajibu wake. Pensheni jamii ya Zanzibar, iliyoanza Aprili 2016 kwa wenye miaka 70 na zaidi, ilithibitisha kwamba penye nia pana njia. Nia hiyo sasa ifike kwenye ngazi za hospitali na ofisi za umma: pawekwe vishikio, na mitaro ya njiani ifunikwe. Na katika kila kituo cha afya, mzee aulizwe kama amepata kuanguka mwaka huu, kwani aliyeanguka mara moja yu karibu kuanguka tena.

Wahenga walinena kwamba mwenda pole hajikwai. Ni kweli, njia ikiwa njema. Mzee aliyetubeba mgongoni hastahili kutumbukia katika mtaro tuliouacha wazi.