Dira Wanayo, Mlango Ndio Hawana

Mwezi uliopita nilihudhuria mahafali mjini Chake Chake. Vijana walikaa na majoho yao tangu saa mbili za asubuhi, mgeni rasmi akaja adhuhuri inakaribia, na hakuna aliyewataka radhi. Kilichonitia hasira zaidi ni hotuba. Mgeni aliwaambia wahitimu kuwa wasomi wa siku hizi wamekuwa kama wale wa kwenye filamu: wanamaliza chuo, wanarudi kwa wazee wao, wanalala mpaka jua la utosi, hawajui wanachokitaka, na kazi wanazichagua. Ukumbi ukacheka. Walicheka hata wazazi waliouza ng'ombe na kuweka rehani mikarafuu ili watoto hao wasome.

Maneno yale ni dhulma, na nayasema hivyo bila kuzunguka. Kijana wa Pemba aliyemaliza chuo akakaa bila kazi hakukosa dira. Dira anayo. Mlango ndio hana.

Imani hii ya kwamba msomi asiye na kazi ni mvivu imeenea kisiwa kizima. Utaisikia kwenye baraza za kahawa Wete, ndani ya gari ya Konde, kwenye mawaidha, hata kwenye posa: mshenga akiulizwa kijana anafanya kazi gani, akajibu kamaliza chuo anatafuta, upande wa binti wanaguna. Na vichekesho vinavyozunguka kwenye simu vimeikaza imani hiyo. Msomi wa komedi ni yule yule kila siku: tai imekaa upande, suruali imepanda juu ya vifundo, Kiingereza kingi mdomoni, baba anamkimbiza na fimbo, mama anamfichia sahani ya wali. Hatuonyeshwi hata siku moja ameomba kazi wapi na ameambiwa nini. Tunaonyeshwa amelala tu.

Mhusika huyu hakuzaliwa kwetu. Mwaka 1967, Mmarekani Mike Nichols alitoa filamu ya The Graduate, na Dustin Hoffman akaigiza kijana aitwaye Benjamin Braddock aliyemaliza chuo na kurudi kwa wazazi wake California. Nyumba ina bwawa la kuogelea. Wazazi wamemnunulia gari, Alfa Romeo nyekundu. Siku yake ya kuzaliwa wanampa vazi zima la kuzamia, analivaa mbele ya wageni, anaingia bwawani na kukaa huko chini peke yake. Kwenye sherehe ya kumpongeza, rafiki wa baba yake anamvuta pembeni kumwambia kwamba maisha yako kwenye plastiki. Kazi inamfuata mlangoni, na yeye ndiye anayeikimbia.

Tazama waliomfuata. Mwaka 1994 ikaja Reality Bites, ambamo Winona Ryder ni Lelaina, msichana aliyeongoza darasa lake. Baba yake kampa gari na kadi ya mafuta. Alipopoteza kazi alisimama kwenye kituo cha mafuta, akawalipia watu kwa kadi ile, nao wakampa fedha taslimu. Mwaka 2012 tukapata Frances Ha, msichana wa New York mwenye miaka 27 anayekwenda Paris kwa siku mbili na kulipa kwa kadi ya mkopo. Wahindi, ambao filamu zao tumelelewa nazo, walitupa Wake Up Sid mwaka 2009: Ranbir Kapoor ni mtoto wa tajiri mwenye kampuni ya vifaa vya bafuni, anafeli mtihani wa mwisho, na baba ana kiti kimemsubiri ofisini.

Sizichukii filamu hizi, na baadhi yake ni kazi nzuri. Lakini mtazamaji atazame nyuma ya kila mhusika ataona mtu anayelipa. Kupotea kwao kuna mfadhili. Benjamin anaweza kuelea bwawani majira yote ya joto kwa sababu hakuna mdogo wake anayesubiri ada, hakuna deni la duka, hakuna bati linalovuja. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Hadithi ya mtoto wa tajiri asiyejua achague nini tumeichukua tukamvisha mtoto wa mvuvi ambaye hajapewa hata kimoja cha kuchagua.

Nina mtoto wa dada yangu mwenye shahada ya uhasibu. Naye pia anazama. Anazama pweza na majongoo ya bahari Makoongwe kwa miwani ya kuazima, bila vazi lolote ila kaptura, na anachokipata kinakwenda kwenye nauli ya boti ya kufuata usaili Unguja. Mjomba wake ninayeandika haya sina rafiki wa kumvuta pembeni akamnong'oneza neno la kumfaa.

Wanaosema vijana hawajui wanachokitaka, wakae siku moja na mwombaji kazi. Tangazo likitoka, kwanza anatafuta fedha ya vivuli: cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha kidato cha sita, shahada na matokeo ya kila mwaka. Vivuli hivyo lazima vithibitishwe, na muhuri ni wa kulipia. Picha za pasipoti. Kivuli cha kitambulisho cha Mzanzibari. Barua ya sheha, na sheha siku hiyo kaenda msibani. Vyote anavitia ndani ya bahasha ya kaki na kuibeba kifuani mvua isiilowanishe. Siku hizi baadhi ya maombi yanapitia mtandaoni, basi anapanda mti au kilima kutafuta mawimbi. Akiitwa, anashuka Mkoani kupanda boti, analala kwa jamaa Unguja, asubuhi anakuta foleni imeshazunguka jengo. Akifika mbele anaulizwa uzoefu wa miaka mitatu. Kijana aliyemaliza juzi, huo uzoefu aupatie wapi ikiwa kila mlango wa kuupatia unamtaka awe nao?

Mtu anayefanya hivyo mara hii na mara ile, mwaka huu na mwaka ujao, ndiye tunayemwita hana dira!

Hili si la Pemba peke yake. Juni 2014, Uhamiaji iliita watu kwa usaili wa nafasi 70. Waliojitokeza walizidi 10,000, ikabidi waketishwe kwenye majukwaa ya Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Mwaka 2025, Mamlaka ya Mapato, TRA, ilitangaza nafasi 1,596, na maombi yakazidi 135,000. Piga hesabu: kila kiti kimoja kiligombewa na watu zaidi ya 80. Hata kama wote wangekuwa malaika kwa bidii, 79 kati ya kila 80 wangerudi nyumbani mikono mitupu. Na wakirudi, anawasubiri mtu kwenye kipaza sauti awaambie wamerudi kwa sababu ya uvivu.

Najua jibu ninaloandaliwa. Wataniambia Bill Gates hakumaliza chuo. Wakiona Marekani mbali, wataniambia Bakhresa aliacha skuli ana miaka 14 na leo tunapanda boti zake. Jibu hili nimelisikia mpaka masikio yamechoka. Gates alitoka Harvard mwaka 1975, na baba yake alikuwa mwanasheria. Hakutoka Kiuyu wala Kangani. Said Salim Bakhresa ni fahari yetu sote Wazanzibari, lakini sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania zaidi ya milioni 61. Ukinitolea mtu mmoja katika milioni 61 hujanionyesha njia, umenionyesha muujiza. Na huyo anayemtaja Bakhresa kila hotuba, aulizwe: mwanawe mwenyewe alimtoa skuli akiwa na miaka 14? Alimpeleka chuo, na alipomaliza alijua ampigie simu nani.

Halafu linakuja lile la kujiajiri. Mkono mtupu haulambwi, na mtaji hautoki kwenye hotuba. Benki inataka dhamana, na dhamana ni hati ya nyumba ambayo babu hakuiacha. Wataambiwa walime. Zao kubwa la kisiwa hiki ni karafuu. Mkarafuu ukiupanda leo, utasubiri miaka sita na zaidi kuonja chochote, na hata ukikomaa hauzai sawasawa kila mwaka. Shamba lenyewe ni la mirathi, kila mti una ndugu zake. Na kwa miaka mingi mnunuzi wa karafuu kwa sheria amekuwa mmoja tu, ZSTC, shirika la biashara la serikali, bei ni aliyoipanga yeye. Kijana anayejiajiri kwenye zao hilo hawezi hata kuulizia bei kwa mnunuzi wa pili. Msimu ukiwadia, wahitimu wetu wako juu ya mikarafuu wanalipwa kwa pishi, jioni wanachambua na wenzao, asubuhi wanaanika kwenye majamvi. Wanachagua kazi wapi hapo?

Jambo jingine komedi zetu zinalolificha ni wanawake. Mhitimu wa kichekesho karibu kila mara ni mwanamume. Msichana msomi akitokea, mwisho wake ni harusi, na harusi ikishapigwa, shahada haiulizwi tena. Nimesomesha skuli, na namjua mwanafunzi wangu wa zamani, mwalimu wa kemia na biolojia kwa shahada yake, ambaye anafundisha kwa kujitolea. Watoto wanafaulu kwa mikono yake. Alfajiri anakaanga maandazi ya kuuza apate nauli ya kwenda kufanya kazi asiyolipwa. Skuli ina upungufu wa walimu wa sayansi, mwalimu wa sayansi yumo ndani ya darasa na chaki mkononi, na bado anaambiwa hajaajiriwa. Nani hapo hajui anachokitaka? Yeye anakijua kila siku inayopambazuka.

Wazee wetu wanaocheka nawaelewa wanakotoka, ingawa siwasamehe. Kabla ya 1998 Zanzibar haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Sheria ya kuanzisha SUZA, chuo kikuu cha serikali, ni ya 1999. Zamani aliyemaliza kidato cha nne alifuatwa nyumbani awe mwalimu au karani, na mwenye shahada alijulikana kwa jina kutoka Mkoani mpaka Msuka. Mtu aliyepata kazi kwa barua moja, tena isiyo na vivuli, ndiye leo anayemfundisha subira kijana aliyekwishatuma bahasha hazihesabiki. Hakuwa hodari kuliko mwanawe. Alizaliwa wakati milango ilikuwa mingi na watu wachache. Sisi tumevijaza vyuo, jambo la kheri, lakini ofisi, viwanda na madarasa ya kuwapokea hatukuyaongeza kwa kasi ile ile. Kisiwa cha watu zaidi ya nusu milioni, na kiwanda kinachotajwa na kila mtu bado ni kile cha makonyo ya karafuu, Wawi.

Kwa waandishi na waongozaji wetu wa filamu nina neno. Msiniambie hamuwezi. Amil Shivji alitengeneza Vuta N'Kuvute mwaka 2021 kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, na dunia ikaiona Zanzibar kwenye tamasha la Toronto. Wakenya walitoa Nairobi Half Life mwaka 2012: Mwas, kijana wa kijijini anayeuza filamu, anataka kuwa mwigizaji, anaporwa siku ile ile anayoingia Nairobi, na filamu haimfanyi mjinga kwa kutamani. Anajua anachokitaka tangu dakika ya mwanzo, na mji ndio unaomvunja. Hiyo ndiyo hadithi yetu. Kama mnataka kuchekesha, vichekesho viko tele: mchekeni anayedai uzoefu kwa mtoto wa juzi, mchekeni bosi aliyempa nafasi shemeji yake kabla tangazo halijabandikwa, mchekeni mgeni rasmi. Nao wenye tamasha la filamu, ZIFF, ambalo tangu 1998 linatamba Ngome Kongwe, wakumbuke kuwa Pemba hatuna hata jumba moja la sinema. Kijana wa huku mwenye hadithi hiyo kichwani anahitaji nauli ya boti kabla hajahitaji kamera.

Kwa wenye mamlaka nataka jambo moja tu. Kila tangazo la ajira likishafungwa, itolewe hadharani idadi ya walioomba, idadi ya walioitwa na idadi ya waliochukuliwa, kwa kila wilaya, Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani zikiwamo. Ibandikwe kwa masheha, isomwe redioni. Wazazi wazione namba hizo kabla hawajawacheka watoto wao. Na yeyote atakayepewa kipaza sauti mbele ya wahitimu aanze kwa kuzisoma, kisha aseme yeye na ofisi yake wataongeza nafasi ngapi mwaka unaokuja. Kama hana hata moja ya kutaja, awaombee dua vijana hao na aketi.