Acheni Kuogopa Hemokinesis

Wasee, leo nagombana na nyinyi. Kila nikipakia video ya Slay the Spire nikicheza Ironclad, nikichukua Hemokinesis tu, kelele zinaanza. "Hiyo kadi inakula damu." "Unajiua bure." "Hiyo ni kubet, buda." Nimechoka. Leo tupige hesabu, kwa sababu wengi wenu mnaipinga hiyo kadi na hamjawahi kuihesabu hata siku moja.

Kwa mgeni: huu ni mchezo wa kupanda mnara huku ukijenga deki yako kadi moja moja. Ulitengenezwa na Mega Crit, ukatoka rasmi 2019, na tangu 2021 uko kwa simu za Android. Ironclad anaanza na damu 80, na kila zamu anapata enaji 3. Kadi yake ya kawaida, Strike, inakula enaji 1 na inapiga 6. Hemokinesis inakula enaji hiyo hiyo 1 na inapiga 15. Lakini kwanza inakutoa damu 2, na ngao haizuii. Hiyo 2 ndiyo inawatetemesha.

Swali lenu ni, "Hii kadi itanigharimu ngapi?" Swali nusu hilo. Uliza pia, "Nisipoicheza, adui atanigharimu ngapi?"

Mchukue Gremlin Nob, yule jamaa mnene wa Act 1 ambaye amezika wengi wenu. Ana damu kati ya 82 na 86. Zamu ya kwanza hapigi, ananguruma tu. Kuanzia hapo, kila ukicheza kadi ya aina ya Skill anaongeza nguvu 2 mpaka pigano liishe. Pigo lake kubwa ni 14 kabla hata hujamkasirisha.

Sasa wewe, mtu wa kucheza salama, unatoa Defend. Umepata ngao 5, sawa. Lakini Defend ni Skill, kwa hivyo zamu hiyo hiyo anakupiga 2 zaidi, na zamu ijayo 2 zaidi, na inayofuata pia. Umeokoa 3 leo, na baada ya mapigo mawili mengine uko kwa deni. Hapo kadi ya hatari ni gani, Hemokinesis ama Defend?

Mimi zamu ya kwanza natoa Bash, inapiga 8 na kumwacha Vulnerable, yaani mapigo yangu yanaongezeka nusu. Enaji 1 iliyobaki naweka kwa Hemokinesis: 15 inakuwa 22. Jumla 30. Wewe ukiweka Strike mahali hapo unapata 17. Tofauti ni 13, na nimelipa damu 2. Kama hiyo 13 itamwangusha Nob zamu moja mapema, nimekwepa pigo la 14. Nipe biashara kama hiyo kila asubuhi.

Halafu kuna hii inaniuma zaidi. Ironclad anaanza na Burning Blood, inayomrudishia damu 6 kila pigano likiisha. Ukimaliza pigano na 80 kwa 80, unajipigia makofi. Na ile 6? Imemwagika, kwa sababu huwezi kupita 80. Damu 6 ni Hemokinesis 3. Mchezo unakulipia hiyo kadi na wewe unakataa pesa. Damu si kombe la kuweka kabatini. Ukifika juu ya mnara na damu 9, umeshinda sawa tu na aliyefika na 70.

Sasa tuje kwa hili neno "kubet", kwa sababu ndilo limenifanya niandike. Hapana. Kamari ni kuweka pesa ya mtu mwingine ya kodi kwa kitu usichoona ndani, kilichopangwa na mtu anayekula ukipoteza. Katika Slay the Spire, juu ya kichwa cha adui kumeandikwa anataka kufanya nini na atapiga ngapi. Damu yake unaiona, na yako pia. Mtu anayelipa 2 akiwa ameona 14 inakuja hajabet. Amenunua. Tukiita kila kitu chenye gharama kamari, vijana watashindwa kutofautisha hizo mbili, na wanaofaidika na huo mkanganyiko si sisi. Mimi niliacha chuo, na walionishauri wengi walikuwa na kadi moja mkononi: Defend. Sisemi mtu aache chuo. Nasema aliyekuambia "cheza salama" bila kukuonyesha hesabu hajakushauri, amekuogopesha.

Na nyinyi wa upande ule mwingine msicheke. Kuna wasee wanaicheza Hemokinesis kila ikiingia mkononi kama wamelaaniwa. Adui amebaki na damu 5, Strike iko hapo, msee anatoa Hemokinesis. Hiyo ni ubadhirifu. Uko na damu 2 na unaicheza? Umejiua mwenyewe kabla pigo halijatoka, na hakuna wa kulaumu.

Kanuni yangu ni fupi. Icheze kama inapunguza zamu za adui kukupiga. Iache mkononi kama adui hapigi zamu hii na hata ukiingoja hutachelewa kummaliza. Ukifika kwa moto wa kupumzikia na damu yako iko sawa, usilale, iboreshe: inapiga 20 kwa damu ile ile 2. Ukipata Tungsten Rod, bei inashuka hadi 1. Ukipata Rupture, kila ikikutoa damu unaongeza nguvu, na hapo hata mkiomba niiache siachi.

Kwa hivyo ukitaka kunibishia, karibu sana. Lakini usiniletee "inakula damu". Strike pia inakula damu yako, ila hiyo inamtuma adui aje kuichukua. Niletee namba.