Malalamiko juu ya Madalali wa Viwanja

Anayetafuta kiwanja Unguja au Pemba humtafuta dalali kabla ya kumtafuta mwenye shamba. Hatuna ugomvi na kazi hiyo. Ugomvi wetu ni na yule anayewaonyesha watu wawili kiwanja kimoja, akapokea fedha za wote, kisha akazima simu.

Aliyedhulumiwa hivyo huenda kwa sheha. Sheha humwelekeza polisi. Polisi humwambia hayo ni madai, aende Mahkama ya Ardhi. Huko huulizwa stakabadhi, naye hana, maana alitoa fedha mkononi kwa kuaminiana.

Sheria ya 1992 imetamka kwamba ardhi ya visiwa hivi ni mali ya umma; kinachouzwa ni haki ya kuitumia tu, na Sheria ya Uhaulishaji ya 1994 imetaka uhaulishaji uchunguzwe kwanza. Dalali asemaye "lipa leo, karatasi kesho" anaukwepa uchunguzi huo, na si kwa faida ya mnunuzi.

Ndugu wananchi, andikishianeni mbele ya mashahidi. Nao wakuu wanaohusika na ardhi tunawaomba: kila lalamiko dhidi ya dalali lipokelewe kwa maandishi, na mlalamikaji apewe nakala yenye tarehe siku hiyo hiyo.