Shaba Ipite, Lakini Treni Isimame Ifakara

Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria mwaka 2024, bumu haliwezi kutoka bila mtu kutupia picha ya stesheni ya Dar es Salaam. Na kweli jengo linapendeza, paa lake limechongwa mfano wa jiwe la tanzanaiti. Waliobahatika kufika Ulaya nao wanatuletea picha za London, ambako treni za chini ya ardhi zilianza mwaka 1863. Hatuna kinyongo. Ila hivi, wasomi wenzangu, nani kati yetu ana picha ya stesheni ya Ifakara? Au ya Mbingu? Au ya Mlimba?

Nauliza kwa sababu muda wa kuuliza ni sasa. Mwezi Septemba 2025, Tanzania na Zambia zilisaini mkataba na kampuni ya Kichina ya CCECC wa kuifufua na kuiendesha TAZARA. Uwekezaji ni kama dola bilioni 1.4 na mkataba ni wa miaka 30. Mtoto anayezaliwa leo pale Mang'ula atakuwa na familia yake mkataba ukiisha. Habari njema, hakuna ubishi. Hofu yangu ni moja: reli inaweza kufufuka huku vituo vyake vidogo vikifa.

Tuanzie nyuma kidogo. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao mwaka 1965, shaba ya Zambia ilibaki haina njia salama ya kufika baharini. Nyerere na Kaunda walibisha hodi nchi za Magharibi na Benki ya Dunia, wakaambiwa reli hiyo haitalipa. China ikakubali. Mkataba ulisainiwa Beijing mwezi Septemba 1967, ujenzi ukaanza 1970, reli ikafika mwisho 1975 na mwaka uliofuata ikakabidhiwa rasmi. Ni kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, zilizojengwa kwa mkopo usio na riba.

Na kipande kigumu kuliko vyote kinaanzia hapa kwetu. Reli inaingia bondeni Kidatu, inafuata miguu ya milima ya Udzungwa hadi Ifakara, inaendelea Mbingu mpaka Mlimba. Kutoka hapo inapanda kwenda Makambako, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Njia nzima ina mahandaki zaidi ya 20, na mengi yako kwenye mpando huo. Kwa hiyo anayetaka treni ya chini ya ardhi asihangaike na viza. Apande pale Mlimba, giza atalikuta mbele. Waliotoboa miamba ile walikuwa vijana wa Kitanzania, Kizambia na Kichina. Wachina zaidi ya 60 walikufa katika mradi huu, na wengi wao wamezikwa Gongo la Mboto.

Reli ilijengwa kwa ajili ya shaba, lakini watu wa bonde waliigeuza kuwa yao. Miaka ya 1970 vijiji vingi vilipangwa kando ya njia. Mpunga, ndizi na samaki wa mto Kilombero vikapata soko Makambako, Mbeya na Dar es Salaam. Kulikuwa hata na treni fupi ya hapa hapa, wenyewe wakaiita kipisi, iliyosimama kituo kwa kituo. Mama mwenye mikungu mitano ya ndizi hawezi kukodi lori, lakini nafasi kwenye behewa anaimudu. Kwake yeye stesheni ni soko, ni stendi, na wakati mwingine ni gari la wagonjwa.

Sasa angalia majina. Treni ya haraka ya TAZARA inaitwa Mukuba, neno la Kibemba lenye maana ya shaba. Ile inayosimama vituo vingi inaitwa Kilimanjaro, na wengi wanaiita "ya kawaida" tu. Mwekezaji akipiga hesabu zake, ipi itakuwa ya kwanza kukatwa? Jibu unalo.

Najua kuna watakaosema vituo vidogo ni hasara, na siku hizi mabasi yapo. Hoja ya hasara ina uzito. Reli iliyojengwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka ilishuka hadi chini ya tani 100,000 mwaka 2014/15. Lakini abiria wa Mbingu hakuifikisha huko. Injini zilizochoka na njia isiyokarabatiwa ndizo zilizoifikisha. Na kuhusu mabasi, aliyewahi kusafiri kwenda Mlimba wakati wa masika anajua tope la kule lina maoni yake.

Kwa hiyo tudai mambo matatu. Kwanza, treni ya kawaida iandikwe kwenye mpango wa huduma, na idadi ya safari zake kwa wiki itajwe. Pili, kila treni hiyo iwe na behewa la mizigo midogo, na vituo kama Ifakara na Mlimba viwe na ghala la kuhifadhi mpunga usinyeshewe. Tatu, Kidatu ipewe hadhi yake. Pale reli ya TAZARA yenye upana wa milimita 1,067 inakutana na tawi la reli ya kati lenye milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67, haifiki hata upana wa kiganja, lakini kwa sababu hiyo mzigo lazima ushushwe na kupakiwa upya. Kazi hiyo ni ajira. Ikisimamiwa vizuri, mchele wetu unafika Dodoma au Mwanza kwa reli.

Wabunge wetu wanajulikana na serikali ya wanafunzi ina muhuri. Barua yenye sahihi zetu haihitaji dola bilioni. Mwaka 1967 shaba ilikuwa na marais wawili wa kuisemea. Mpunga wa Kilombero una sisi tuliosomeshwa kwa mpunga huo huo. Tusipousemea, treni mpya zitapita Ifakara kwa kasi nzuri sana, na sisi tutabaki kuzipungia mkono.