Rekebisha tarehe ya picha, lakini usiibuni

Ugomvi wa mpaka wa shamba hapa Kisii au Nyamira siku hizi hauchelewi kufika kwenye simu. Mtu anaonyesha picha ya ule mti wa mpaka kabla haujakatwa, na swali la kwanza ni: ulipiga lini? Anafungua maelezo ya picha, simu inasema ni ya juzi. Kesi imeanza kulegea hapo hapo.

Shida si kamera. Unapopiga picha, simu huandika tarehe na saa ndani ya faili lenyewe, katika sehemu inayoitwa EXIF. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, maelezo hayo hufutwa. Anayeipokea hubaki na jina kama IMG-20240625-WA0012, na tarehe hiyo ni ya siku picha ilipopita WhatsApp. Huenda ilipigwa miaka mitatu kabla. Hiyo 0012 nayo si saa, ni namba ya foleni tu.

Kurekebisha ni rahisi, rahisi mno kwa maoni yangu. Kuna ExifTool, programu ya bure ya Phil Harvey, ambayo husoma tarehe kwenye majina ya faili na kuiandika ndani ya picha, folda nzima kwa amri moja. Angalau yenyewe huacha nakala ya awali kando usipoikataza. Usiikataze. Manake Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu 106B, inadai cheti kinachoeleza rekodi ya kidijitali ilivyopatikana na kwa kifaa gani. Kama uligusa tarehe na huwezi kueleza ulivyoijua, wakili wa upande wa pili atakushukuru sana.

Ndiyo maana nasema tarehe ya kukisia ni mbaya kuliko kukosa tarehe. Picha isiyo na tarehe humfanya mtu aulize. Iliyoandikwa 1 Januari saa sita usiku, ati kwa sababu ulijua mwaka tu, hunyamazisha maswali. Unajua mwaka peke yake? Andika mwaka kwenye maelezo, na useme nani alikuambia.

Mara nyingi picha yenyewe hujieleza ukiitazama vizuri. Umati Gusii Stadium, bendera, watu wamevaa barakoa: hiyo inaelekea kuwa Mashujaa ya 20 Oktoba 2020, si mkutano wa kampeni wa juzi kama wasee wa mitandao wanavyoweza kukuuzia. Lakini "inaelekea" ibaki "inaelekea" mpaka umpate aliyepiga.

Picha za zamani ndizo tamu zaidi, na ndizo tunazoharibu bila huruma. Msiba ukitokea, picha ya nyanya inakimbizwa saiba iskaniwe kwa ajili ya programu ya mazishi, na kuanzia siku hiyo kompyuta inaamini nyanya alipigwa picha mwaka huu akiwa msichana. Hebu geuza ile karatasi kwanza, bana. Nyuma huwa kuna muhuri wa studio, wakati mwingine tarehe kwa kalamu. Skani na huo upande. Kisha waulize wazee, hata kama watajibu kwa njia yao: kabla Nyamira haijatengwa na Kisii kuwa wilaya, au mwaka ule fulani alipotahiriwa. Jibu kama hilo linatosha kukupa mwanzo na mwisho wa kipindi.

Kwa picha za simu hakuna mzee wa kuuliza. Tarehe halisi iko kwenye simu iliyopiga, na simu huuzwa, huibwa, huanguka kwenye ndoo ya maji. Mpigie mwenye picha ile ya mpaka leo, mwambie akutumie kama hati, asiitume kama picha. Ikitumwa hivyo, EXIF hufika nzima.