Mwacheni Mtoto na Maziwa Yake

Kuna ushauri umepanda basi Nairobi ukashuka Garsen: mtoto akiwa na usonji, mnyime ngano na maziwa, atatulia na ataongea.

Haya, tuangalie sahani ya Tana. Kwa Wapokomo ni wali, sima ya mahindi, ndizi na samaki wa mtoni. Vyote hivyo havina gluteni. Ngano huja na chapati na mahamri, siku pesa ikiwepo. Sasa mnamwondolea mtoto nini?

Kwa Waorma ndiyo balaa zaidi. Maziwa ndiyo chakula chenyewe. Ukame ukibana, kikombe kile ndicho protini, mafuta na kalsiamu ya mtoto. Ukikiondoa utaweka nini? Maziwa ya lozi ya supamaketi?

Na ushahidi wenyewe? Nadharia hii inazunguka tangu miaka ya 1970. Mwaka 2008 watafiti wa Cochrane walipochambua majaribio yaliyofanywa vizuri, walipata mawili tu, yenye watoto 35 kwa jumla. Wakasema ushahidi ni hafifu. Watoto 35, jamani! Ndio mnaotaka kumwachisha mtu ng'ombe wake?

Sisemi tumbo halina maana. Watoto wengi wenye usonji huchagua sana chakula, na wengi husumbuliwa na kufunga choo. Asiyeweza kusema "naumwa" anaweza kujigonga kichwa ukutani. Hilo litibiwe. Akipimwa na daktari akathibitisha kwamba ngano au maziwa yanamdhuru, aache. Lakini mtoto anayekubali vyakula vitano tu, ukimnyima viwili kwa kubahatisha, unamtia njaa.

Kinachoniudhi zaidi ni lawama. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim, kule Marekani, aliandika kitabu kilichowabebesha akina mama mzigo wa usonji wa watoto wao, ati hawakuwapenda. Zamani kosa lilikuwa moyo wa mama. Leo ni sufuria yake. Na anayelaumu sufuria hadaiwi mwalimu wala mtaalamu wa usemi.

Kenya imekuwa na vituo vya EARC vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu tangu 1984. Basi dada yako akiandikiwa orodha ya vyakula vya kukatazwa, muulize aliyeiandika: nani atamfundisha huyu mtoto kuwasiliana, kuanzia lini, na ni hapa Garsen au mama apande gari hadi wapi?