Lantana: tuache kupanda adui kwenye lupango

Katika mitaa mingi ya Butembo na Beni, lupango zimezungushiwa mmea wenye maua madogo ya manjano, mekundu na ya pinki, na majani yanayokwaruza mkono na kunuka ukiyasugua. Ni lantana. Inapendeza, hainunuliwi, na inazuia mbuzi. Hata hivyo, tuache kuipanda.

Lantana si ya kwetu. Ilitoka Amerika ya kitropiki, ikasambazwa duniani kama ua la bustani. Leo shirika la kimataifa la uhifadhi, UICN, linaihesabu kati ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Ndege hula matunda yake meusi na kuangusha mbegu mbali. Ikipata barabara au shamba lililoachwa, hufunga kichaka kizito, na miche ya miti ya asili hukosa mwanga. Kwa eneo la Beni, ambako mauaji ya tangu 2014 yamewafukuza raia wengi mashambani mwao, na ambako Hifadhi ya Virunga iko jirani, jambo hili si dogo.

Hasara si ya msitu peke yake. Ng'ombe au kondoo akila majani yake, sumu inaharibu ini, na jua linamchoma ngozi. Huko Busoga, Uganda, watafiti wa miaka ya 1980 walikuta mbung'o, wanaoeneza malale, wakizaliana katika vichaka vya lantana karibu na nyumba.

Wengine watasema waya ni ghali, na bila lupango wezi wataingia. Ni kweli. Basi tuanze na lantana iliyokwisha kutoroka: kando ya barabara, mito na mashamba. Kuikata tu hakutoshi, maana shina huchipuka tena. Ing'olewe na mizizi kabla matunda hayajaiva, na mahali pale pakaguliwe kila msimu wa mvua. Kwenye lupango, ibadilishwe kidogo kidogo kwa mimea ya kwetu kama drasena, ambayo wakulima wa Maziwa Makuu wameitumia tangu zamani kuonyesha mipaka.

Salongo tunayo tayari. Viongozi wa komini, kuanzia Kimemi na Bulengera hadi Mulekera na Beu, waiweke kazi hii katika salongo pamoja na kuzibua mifereji. Na wenye kuuza miche ya maua, waache kuuza lantana.